Njia ya Kwenda Kazini: Somo la Pujini

Katika madarasa ya itikadi tumezoea kuanza uchambuzi wa kazi pale mfanyakazi anaposhika jembe, chaki au mashine. Tunauliza: nani anamiliki ardhi? Nani anamiliki kiwanda? Nani anachukua ziada? Maswali hayo ni ya lazima. Lakini ipo sehemu ya kazi tunayoiruka kila siku kwa sababu hufanyika kabla kengele haijalia na baada ya mlango kufungwa. Sehemu hiyo ni njia. Mwalimu, mkunga, mwashi na karani hawaoti kama uyoga mlangoni pa kazi. Wanafika. Je, wanafika kwa chombo cha nani, kwa amri ya nani na kwa gharama ya nani?

Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Tunaanzia Pujini, kijiji cha Pemba kilichoko yapata kilomita 10 kusini-mashariki ya Chake Chake. Alfajiri, watu wa Pujini wenye kazi mjini husimama kando ya barabara wakingoja gari ya abiria. Upande wa bahari, si mbali na hapo, yamelala magofu ya Mkama Ndume. Kati ya gari hiyo na magofu hayo kuna karne tano za wanyonge kwenda kazini. Hoja yetu ni moja: njia ya kwenda kazini ni sehemu ya kazi, na kila zama yule anayebebeshwa gharama ya njia hiyo ndiye anayekamwa.

Ngome ya mkama watu

Kukama ni kukamua maziwa. Jina la Mkama Ndume, kama wazee wa Pemba wanavyolieleza, ni la mtu aliyewakama wanaume, yaani aliyewatoa jasho mpaka tone la mwisho. Wataalamu wa mambo ya kale, wakiwamo Adria LaViolette na wenzake waliofanya kazi Pemba mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, wameonyesha kwamba ngome ya Pujini ni ya karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16. Ilizungushiwa boma kubwa la udongo na kuta za mawe, na mfereji ulichimbwa kuiunganisha na bahari ili vyombo viweze kuikaribia.

Tuutazame mfereji huo kwa macho ya uchambuzi. Mtawala alijirahisishia njia yake. Bidhaa zake na wageni wake walisafiri juu ya maji. Na waliojenga je? Mapokeo ya wenyeji yanasimulia kwamba Mkama Ndume aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ngome huku wakijiburuza kwa makalio. Mapokeo si hati ya mahakama, wala hatudai kwamba kila neno lilitokea jinsi linavyosimuliwa. Lakini wananchi hawakuhifadhi simulizi hiyo kwa karne nyingi kwa sababu ya kupenda vichekesho. Walihifadhi ukweli wa kitabaka: kwamba dhuluma ya Pujini ilionekana wazi zaidi katika njia, katika namna mtu alivyofikishwa na mzigo wake mahali pa kazi. Mwenye mali alipita mferejini. Mwenye jasho alipita chini.

Karafuu na miguu ya mchumaji

Chini ya usultani, Unguja na Pemba zilifanywa shamba kubwa la karafuu lililolimwa kwa jasho la watumwa. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo yenye kubeba uchumi wa visiwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria mwaka 1897. Ukoloni wa Kiingereza ulijisifu sana kwa hatua hizo. Lakini mikarafuu ilibaki palepale, wenye mashamba walibaki walewale, na karafuu hazikujichuma zenyewe.

Ikazuka basi kazi ya msimu. Wachumaji walitoka vijijini na wengine walivuka bahari kuja Pemba. Walilipwa kwa pishi ya karafuu walizochuma. Hapa makada wachanga wasome kwa makini. Malipo ya pishi yanaonekana kuwa ya haki: umechuma, umepimiwa, umelipwa. Lakini pishi haikuhesabu saa ya kutembea kwenda shambani gizani, wala siku ya kungoja chombo bandarini, wala safari ya kurudi na mwili uliochoka. Utumwa ulipokuwapo, mwenye shamba alibeba kwa kiasi fulani gharama ya kumweka mtumwa karibu na kazi, kwa sababu alimhesabu kuwa mali yake. Ulipoondoka, gharama hiyo ilihamishiwa mabegani mwa mchumaji huru. Uhuru huo ulikuwa na thamani kubwa, na hakuna mwenye akili atakayeubeza. Lakini ulikuja na ankara ya njia, na ankara hiyo ililipwa na mnyonge.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilitaifishwa na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Hilo lilikuwa pigo halisi kwa ukabaila. Katika misimu ya karafuu skuli zilifungwa, na wanafunzi wakapelekwa mashambani. Dola yenyewe ilichukua jukumu la kumfikisha mchumaji shambani. Hata hivyo, kujikosoa ni silaha ya Chama, na silaha isiyotumika hushika kutu. Tukiri kwamba si kila kijana aliyekwenda alikwenda kwa hiari yake. Kumpatia mtu chombo bila kumuuliza kama anataka kwenda ni nusu ya ukombozi, na nusu nyingine haiji yenyewe.

Kutoka Kariakoo hadi dala

Tuvuke sasa kwenda Dar es Salaam, kwa sababu huko ndiko mgogoro wa njia ulikokua mpaka ukapewa jina linalotumika leo hata Pemba. Kitovu cha mji kwa mtu wa kawaida ni Kariakoo. Jina hilo linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambamo Waafrika walibebeshwa mizigo ya jeshi na wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Basi maelfu ya wafanyakazi wanaopanda na kushuka gari Kariakoo wanalitaja kila siku, bila kujua, jina la watu waliofanywa wao wenyewe kuwa gari.

Ukoloni uliupanga mji kwa rangi. Mwafrika alifanya kazi bandarini na katika nyumba za wakubwa, akalala mbali nako. Usafiri wa mabasi ulikuwa mikononi mwa kampuni iliyojulikana kwa herufi DMT, iliyomilikiwa na mabepari wa Uingereza. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kampuni hiyo ilitaifishwa. Mwaka 1974 kazi zake ziligawanywa: Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, likapewa mji, na KAMATA ikapewa safari za mikoani.

Uamuzi huo ulikuwa sahihi kiitikadi. Basi la mfanyakazi halikupaswa kuwa ng'ombe wa maziwa wa mwenye hisa wa ng'ambo. Lakini kumiliki basi ni jambo moja na kuliendesha ni jambo jingine. Mji ulikua haraka kuliko mabasi. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vilimaliza akiba, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zikakosekana. Nauli iliwekwa chini kwa nia njema, lakini pengo lake halikujazwa. Mabasi yakalala gereji, wafanyakazi wakalala vituoni. Gari za watu binafsi zikaanza kuiba njia huku zikikimbizwa na polisi. Mwaka 1983 Serikali ilikubali lililokwisha kutokea: ikaruhusu gari binafsi kubeba abiria chini ya mkataba na UDA. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Hivyo likazaliwa jina la daladala. Wenzetu wa Kenya walikuwa wamepita njia hiyo mapema zaidi. Jina la matatu lilitokana na nauli ya mapeni matatu, na mwaka 1973 Rais Kenyatta aliziruhusu gari hizo kubeba abiria bila leseni maalumu.

Wapo wanaosema kwamba historia hiyo inathibitisha ubora wa soko. Wapo pia wanaosema kwamba ilikuwa usaliti mtupu. Pande zote mbili hazijafungua boneti. Tuifungue.

Hesabu: Mkama Ndume asiyeonekana

Injini ya daladala si dizeli peke yake. Injini yake ni hesabu. Asubuhi mwenye gari humkabidhi dereva gari. Jioni anataka kiasi walichopatana. Mafuta ni juu ya dereva. Faini za barabarani, mara nyingi, ni juu ya dereva. Kinachobaki baada ya hesabu ndicho ujira wa dereva na konda. Kisipobaki kitu, wamefanya kazi siku nzima bila ujira, na kesho alfajiri deni liko palepale. Wengi mno kati yao wamefanya kazi hiyo kwa miaka bila mkataba wa maandishi.

Sasa tazama mambo tunayoyalalamikia. Kwa nini gari haiondoki mpaka ijae? Kwa sababu kiti kitupu kinatoka mfukoni mwa dereva. Kwa nini inakimbizwa? Kwa sababu kila mzunguko unaoongezeka baada ya hesabu ni chakula cha watoto. Kwa nini konda anamzuia mwanafunzi mlangoni? Kwa sababu mwanafunzi ana nauli ndogo na anakalia nafasi ileile. Sisi abiria humtukana konda tukamwita mshenzi. Huo ni uvivu wa uchambuzi. Konda na mwanafunzi wamegombanishwa na mtu ambaye hayumo garini. Madereva na makondakta wa Dar es Salaam walipoanza kujenga chama chao mwaka 1997, dai lao kubwa lilikuwa mkataba wa kazi. Walikuwa wamekwisha kumtambua.

Teknolojia mpya peke yake haitoi jibu. Mwezi Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi Dar es Salaam kati ya Kimara na Kivukoni, katika mtandao wa kilomita 20.9 wa barabara maalumu. Safari ya waliobahatika kupanda ilifupika sana. Lakini kwa kukosa mabasi ya kutosha, msongamano ulihamia kituoni. Njia nzuri bila vyombo vya kutosha ni mfereji mkavu.

Walipoamua kubebana

Je, wanyonge wamewahi kuichukua njia mikononi mwao wenyewe? Naam. Mwezi Januari 1957 wakazi wa Alexandra, karibu na Johannesburg, waliyasusia mabasi nauli ilipopandishwa kutoka peni nne hadi tano. Peni moja! Lakini kwa mfanyakazi wa chini ya makaburu, peni moja ya kwenda na peni moja ya kurudi ilikuwa mkate. Walitembea yapata kilomita 15 kila upande kwa muda wa miezi mitatu, mpaka nauli ya peni nne ikarudi.

Kabla yao, weusi wa Montgomery, Marekani, walikuwa wamekwenda hatua moja mbele. Rosa Parks alikamatwa tarehe 1 Desemba 1955 kwa kukataa kumpisha mzungu kiti. Mgomo wa mabasi uliofuata, ulioongozwa na Martin Luther King na wenzake, ulidumu siku 381. Watu hawangeweza kutembea mwaka mzima kwa hasira peke yake. Waliunda utaratibu wa kubebana: gari za watu binafsi zipatazo 300, pamoja na gari za makanisa, zilipangiwa vituo, saa na njia. Mtumishi wa ndani na mwalimu walikaa kiti kimoja. Watawala walielewa mara moja kwamba kiti hicho ni cha hatari. Bima za gari zilifutwa, madereva wakaandamwa na polisi, na mwezi Novemba 1956 jiji likaenda mahakamani kuupiga marufuku utaratibu huo. Lakini mwezi huohuo Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba ubaguzi katika mabasi ni kinyume cha katiba.

Bepari naye hakuchelewa kuona faida ya kubebana. Mwaka 1973 kampuni ya 3M ya Minnesota ilianza na gari sita za kuwakusanya wafanyakazi wake majumbani, kwa sababu nafasi ya kuegesha gari zao kiwandani ilikuwa ikimalizika. Chombo kilekile, viti vilevile. Tofauti ni swali letu la mwanzo: kwa amri ya nani na kwa faida ya nani?

Kosa letu wenyewe

Turudi Pemba, na tujitazame. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukiendesha darasa Chake Chake, tuliingia katika mpango wa namna hiyo. Tulikuwa wafanyakazi 14 wa ofisi na skuli mbalimbali. Tulikodi gari kwa mwezi, mmoja akashika fedha, saa ya kuondoka ikawekwa, na aliyechelewa aliachwa. Tuliupiga hesabu mpango wetu kwa furaha. Mtu anayepoteza saa mbili kila siku kwa kungoja na kuzungushwa, kwa siku 22 za kazi, anapoteza saa 44 kwa mwezi, ambayo ni karibu juma zima la kazi lisilolipwa. Tulijiona tumejikomboa. Tena tuliutaja mpango huo darasani kuwa ni mfano wa ujamaa.

Mwezi wa pili mama mmoja mtu mzima, mkulima wa mwani, alitusimamisha njiani. Hakutulaumu. Alituuliza tu kwa nini siku hizi gari ya abiria haijai. Zamani, alisema, ilikuwa ikijaa mapema kwa sababu ya walimu na makarani, na yeye akawahi mjini na mzigo wake. Sasa walimu na makarani wana gari yao, na ya watu wengine inangoja mpaka jua limepanda.

Hatukuwa na jibu. Sisi tuliokuwa tukifundisha habari ya hesabu hatukuona kwamba tumeiondolea gari ya abiria wateja wake wa uhakika, tukamwachia dereva viti vitupu na tukamwachia mama yule mzigo wa kungoja. Muda tuliookoa haukutoka hewani. Sehemu yake ilitoka kwake. Kwa kiasi kidogo, bila kukusudia, tulijichimbia mfereji wetu. Tulijaribu kusahihisha: tukaacha viti vitatu kwa wasiokuwa na mshahara. Viti vitatu havikutosha, na baadaye mpango wenyewe ulivunjika. Lakini swali lake halikuvunjika.

Wajibu wa kada

Kutokana na historia hiyo tunapata mafunzo matatu.

Kwanza, kubebana kwa wenye mishahara peke yao si ushirika bado. Ni hatua njema, lakini ikisimama hapo inaugawa umma katika wanaofika na wanaongoja. Mpango wa gari ya pamoja uanzie kijijini na si ofisini, ili karani, mvuvi, mwanafunzi na mkulima wa mwani wawe wateja wa uhakika wa chombo kimoja. Abiria wa mshahara ndiye anayemwezesha dereva kuondoka kwa saa bila kungoja kujaza. Uhakika huo ni nguvu, na haifai wachache kuondoka nao.

Pili, dereva na konda ni wafanyakazi. Ushirika wa abiria unaomkama dereva ni ubwana mdogo. Palipo na gari ya pamoja pawe na ujira unaojulikana, mkataba wa maandishi na daftari la fedha linalosomwa hadharani. Yaliyotokea baada ya 1974 yametufundisha kwamba umiliki wa umma bila akiba ya vipuri huishia gereji. Yaliyotokea baada ya 1983 yametufundisha kwamba gari inayotembea bila mkataba wa kazi hutembea juu ya migongo ya watu.

Tatu, kada apande. Asiyewahi kungoja gari mvuani hana takwimu itakayomfundisha kungoja ni nini. Gari ya kazi inayopita na viti vitupu mbele ya watu waliosimama kituoni ni hotuba, na wananchi huisikia vizuri kuliko hotuba zetu nyingine zote.

Ndugu msomaji, wageni huenda Pujini kutazama mawe. Ukienda, nenda alfajiri. Kabla ya kufika ngomeni simama kwanza barabarani pamoja na wanaongoja, na uhesabu: nani amepanda, nani ameachwa, na kwa nini. Ukimaliza hesabu hiyo ndipo uende ukayatazame mawe. Utakuta yanasomeka.